NABII ISAYA NA MKATE WA TINI

Fundisho kwa ndugu wanaougua akili, kwa jamaa zao, na kwa parokia yote

Masomo: 2 Wafalme 20:1-7, 1 Wafalme 19:1-8, Marko 5:1-20



Fundisho la mwezi huu linahusu ugonjwa ambao katika mikutano yetu hatupendi kuutaja kwa jina. Mtu akiugua malaria, tunatangaza kanisani ili aombewe. Akivunjika mguu, kina mama wanampelekea ugali na samaki. Lakini akiugua akili, jamaa wanamficha katika chumba cha nyuma, majirani wananong'ona kwamba nyumba ile ina ulozi, na sisi ndugu wa kanisa tunapita njia nyingine. Basi leo tuufungue mlango wa chumba kile, tuingie humo na Biblia mkononi.

Katika kazi ya ushemasi ya kutembelea wagonjwa, swali moja linarudi kila mara. Wagonjwa wanauliza, na jamaa zao wanauliza: «Kama ninamwamini Mungu, je, nikimeza dawa ya kichwa nimeonyesha kwamba siamini?» Swali hili si dogo. Wako watu waliotupa vidonge vyao chooni kwa sababu ya jibu walilopewa. Kwa hiyo na tulijibu kwa Maandiko, na tulijibu wazi.

1. NENO LA MUNGU NA DAWA VILITOKA KINYWANI MWA NABII MMOJA

Mfalme Hezekia wa Yuda aliugua karibu ya kufa. Nabii Isaya akamwendea, akamwambia aitengeneze nyumba yake, kwa maana hataishi. Mfalme akageuza uso wake ukutani, akaomba, akalia sana. Isaya hajafika mbali, yungali katika ua wa katikati, neno la Bwana likamrudisha. Akaagizwa amwambie mfalme kwamba maombi yake yamesikiwa, machozi yake yameonekana, na siku zake zimeongezwa miaka 15.

Sasa sikilizeni mstari wa saba, kwa sababu wengi tunausoma haraka. Baada ya unabii huo wote, Isaya aliagiza uletwe mkate wa tini. Wakauleta, wakauweka juu ya jipu, naye mfalme akapona.

Tazameni mpango huo. Unabii ulikuwa umekwisha kutolewa. Mungu alikuwa amekwisha kuahidi. Kama kuna siku ambayo dawa haikuhitajiwa, ni siku ile! Lakini dawa haikuagizwa na tabibu wa mfalme, wala na mtu mwenye imani ndogo. Iliagizwa na nabii mwenyewe, kwa kinywa kile kile kilicholeta neno la Bwana. Hezekia hakuambiwa achague kati ya ahadi na tini. Alipokea ahadi moyoni, na tini juu ya jipu.

Basi mtu akisema kwamba kumeza dawa ni kukosa imani, na aende kwanza amwulize Isaya. Tini za Hezekia ziliota mtini. Vidonge vya leo vinatoka kiwandani. Dawa ya kwanza ya kutuliza wazimu mkubwa, iitwayo klorpromazini, ilianza kutumiwa Ufaransa mwaka 1952, na kabla ya hapo wagonjwa wengi wa Ulaya nao walikuwa wakifungwa na kufichwa kama wanavyofichwa kwetu. Aliyeweka nguvu ya kuponya ndani ya tini ndiye aliyewapa wanadamu akili ya kutafuta dawa hizi. Asifiwe yeye!

2. UGONJWA HUU NI UGONJWA

Ubongo ni kiungo cha mwili kama moyo na ini. Nao waweza kuugua. Hapa Kongo tuna mfano mkubwa wa jambo hili, nao ni malale. Mbung'o anamwuma mtu mtoni au shambani. Kijidudu kinaingia katika damu, na baada ya muda kinafika katika ubongo. Mtu analala mchana na kukesha usiku, anasema maneno yasiyo na mpango, anakasirika bure, anatembea ovyo. Jirani anasema amelogwa. Lakini kijidudu kinaonekana kwa darubini! Na tangu mwaka 2018 iko dawa ya kumeza, fekisinidazoli, ya siku 10, inayowaponya wengi walio na malale ya huku kwetu.

Malaria ikipanda kichwani, nayo yaweza kumfanya mtu apige kelele na asimtambue mama yake. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, wala hakiambukizi kwa mate au kwa kugusana. Mama aliyejifungua aweza, siku chache baadaye, kupoteza usingizi na kusikia sauti za ajabu. Mama huyo ni mgonjwa, naye apelekwe hospitali upesi, kwa usalama wake na wa mtoto. Tena uko ugonjwa wa huzuni, ambao unamzuia mtu hata kunawa uso. Na sisi tuliopita katika vita vya 1996 na vya 1998, na wengine wetu tena katika vile vya 2025, tunawajua watu ambao bunduki zilinyamaza nje lakini ndani ya kichwa bado zinalia kila usiku.

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilihesabu kwamba mwaka 2019 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa na ugonjwa wa akili wa namna fulani, mdogo au mkubwa. Jumapili ijayo hesabuni watu wanane katika benchi lenu, ndipo mtajua kwamba habari hizi si za watu wa mbali.

3. JE, NA PEPO?

Najua ndugu watauliza: «Shemasi, umesahau kwamba kuna pepo wachafu?» Sijasahau. Kanisa letu linaamini kwamba roho waovu wako, na kwamba jina la Yesu linawashinda. Lakini soma Matayo 4:24. Mwandishi wa Injili anawataja watu walioletwa kwa Yesu: anataja wenye pepo, kisha anataja wenye kifafa, kisha anataja wenye kupooza. Amewataja mbalimbali! Kama kila aliyeanguka alikuwa na pepo, kwa nini Matayo awatenge? Ni kwa sababu alijua kupambanua, na sisi yatupasa kujua.

Kwa hiyo kipawa cha kuona maono kisiwe cha kutafuta mlozi. Mara ngapi mtoto amefukuzwa nyumbani kwa sababu mjomba wake aliugua akili? Mara ngapi bibi mzee amenyang'anywa chakula chake? Sheria ya nchi yetu ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Na kabla ya sheria ya nchi kuna ile amri ya Mungu inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Mwenye maono akisema jina la mtu, na jina hilo likavunja jamaa, nani ataponya jeraha hilo?

4. MALAIKA HAKUMFUNGISHA ELIYA

Tumfuate sasa nabii mwingine. Eliya alikuwa ameshusha moto kutoka mbinguni. Kesho yake, kwa maneno ya kutisha ya Yezebeli, alikimbia jangwani, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amwondolee uhai. Akalala.

Mungu alifanya nini? Hakumkemea. Hakumwambia kwamba imani yake ni haba. Alimtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa, na maji katika gudulia. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamgusa, akampa tena chakula, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kwake. Baada ya chakula hicho ndipo alipokwenda siku 40 hata Horebu.

Angalieni utaratibu wa Mungu: chakula kwanza, usingizi kwanza, siku 40 baadaye. Sisi mara nyingine tunaugeuza. Mtu hajalala siku tano, hajala, anatetemeka, nasi tunamfungisha siku tatu tena, bila maji, na kelele za maombi usiku kucha sikioni mwake. Ndugu zangu, kufunga ni silaha yetu, tuitunze. Lakini mgonjwa asifungishwe. Tufunge sisi kwa ajili yake, yeye ale na alale. Ndivyo malaika alivyofanya.

Tena Eliya hakuwa peke yake. Musa, alipolemewa na taifa, alimwomba Mungu amwue (Hesabu 11). Yeremia aliilaani siku aliyozaliwa (Yeremia 20). Yona aliona heri kufa kuliko kuishi (Yona 4). Manabii wanne, wakubwa wote! Mungu aliwasikiliza, na hakuna hata mmoja aliyevuliwa unabii kwa maneno hayo. Basi wewe unayesoma, ambaye mawazo ya kujiua yanakujia usiku, usifikiri kwamba umekwisha kutengwa na Mungu. Umeketi chini ya mti ule ule wa Eliya. Usikae hapo peke yako. Mwamshe mtu usiku huo huo, mwambie kwa maneno wazi. Nasi tukiambiwa neno hilo, tusimtukane, tusilifiche. Tukae naye, tumsikilize, tuondoe karibu naye sumu, kamba na visu, na kukipambazuka tumpeleke kwa daktari.

5. KAMA UGONJWA UNAKAA

Sasa nafika penye maumivu zaidi. Dada mmoja anayesikia sauti aliniambia: «Papa shemasi, nimesali, vidonge nameza, na bado sauti zinarudi. Mungu amenichoka?»

Nilimjibu hivi, nami nawaambia wote. Mama, katika Biblia iko Zaburi ya 88, ya Hemani Mwezrahi. Zaburi nyingine zinaanza na kilio na kumalizika na sifa. Hiyo inaanza na kilio na inamalizika gizani. Neno lake la mwisho ni giza. Hakuna mwangaza uliowekwa mwishoni ili kutufurahisha. Hata hivyo Mungu ameiacha ndani ya Kitabu chake, iwe sala ya watu wake hata leo. Maana yake ni nini? Ni kwamba mtu aweza kusali akiwa gizani, na sala hiyo Mungu anaihesabu kuwa sala kamili. Siku usiyoweza kusema aleluya, sema kama Hemani. Inatosha.

Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe. Haukuondolewa, alipewa neema ya kuishi nao (2 Wakorinto 12). Malango ya gereza la Filipi yalifunguka kwa Paulo na Sila, lakini ya gereza la Yohane Mbatizaji hayakufunguka. Je, Yohane alipendwa kidogo? Na hapa Kongo, nabii Simon Kimbangu, aliyeanza kazi ya kuponya wagonjwa Nkamba mwaka 1921, alifungwa mwaka huo huo, akakaa gerezani miaka 30, akafariki Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951, akiwa bado mfungwa. Kuta zake hazikufunguka. Nani atasema kwamba Mungu hakuwa ndani ya kuta hizo?

Tumaini la Mkristo, wapendwa, lisitegemee tu kwamba ugonjwa utakwisha mwezi huu. Wengine watapona kabisa, nasi tutatoa shukrani kwa ngoma. Wengine watakaa na dawa miaka mingi, kama wale wanaokaa na dawa ya sukari au ya shinikizo la damu, na watafanya kazi, wataoa, watalea watoto, wataimba kwaya. Wengine watapata siku nzuri na siku mbaya. Kwa wote watatu ahadi ni moja: Kristo hatakutupa. Kwa maana yeye mwenyewe alijua hali hii. Soma Marko 3:21 uone: jamaa zake walitoka kumkamata, wakisema kwamba amerukwa na akili. Bwana wetu aliitwa kichaa na watu wa nyumba yake! Na pale Getsemane aliwaambia rafiki zake kwamba roho yake ina huzuni hata kufa. Akawaomba wakeshe naye, wakalala. Kwa hiyo, ukiitwa kichaa, na rafiki zako wakilala, huyo anayekaa nawe usiku amepita njia hiyo kabla yako.

6. KAMBA NA MINYORORO

Neno la mwisho ni kwa kanisa. Mtu wa nchi ya Wagerasi alikuwa amefungwa minyororo mara nyingi, anakaa makaburini, anajikata kwa mawe. Watu walijua namna moja tu ya kumsaidia, yaani kumfunga. Yesu alimwuliza jina lake. Na watu walipofika, walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Injili haisemi nani alimpa nguo. Lakini mtu fulani alivua nguo yake akampa! Ndiyo kazi yetu. Yesu ni mponyaji. Sisi tulete nguo. Kisha Yesu akamwagiza arudi nyumbani kwa watu wake. Basi nyumba imngojee, isiuze godoro lake.

Nchini Côte d'Ivoire alikuwako fundi wa kutengeneza matairi, mzaliwa wa Benin, Grégoire Ahongbonon. Kazi yake iliharibika, akaanguka katika huzuni kuu, akawaza kujiua. Mwaka 1982 alisafiri kwenda Yerusalemu kuhiji, na huko alishikwa na neno kwamba kila Mkristo ana jiwe lake la kuweka katika kujenga Kanisa. Alirudi Bouaké, akaanza kutembelea wagonjwa maskini, na katika miaka ya 1990 akaanza kuwatafuta wagonjwa wa akili waliofungwa minyororo na magogo, vijijini na hata katika kambi za maombi. Aliwafungua, akawaosha, akawapa chakula, dawa na kazi, akasali pamoja nao. Wengine kati yao walipata nafuu wakawa wauguzi wa wenzao. Mkristo huyu alikuwa chini ya mti wa Eliya, akala mkate, akaenda safari yake.

Kwa hiyo, mashemasi, kina mama na vijana wote, tushike haya:

a) Hakuna kumfunga mgonjwa kamba, kumpiga, wala kumchapa ili pepo atoke. Si ndani ya chapeli, wala nyumbani.

b) Hakuna nabii wala mwombaji wa kumwambia mgonjwa aache dawa. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafula, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na kuua. Anayepunguza dawa ni daktari.

c) Tunaomba na tunapeleka hospitali, yote mawili. Bukavu kuna kituo cha SOSAME tangu mwaka 1994, Goma kuna Tulizo Letu, Lubumbashi kuna kituo cha Dr Joseph Guislain, Kinshasa kuna CNPP. Aliye mbali aanze na kituo cha afya cha mtaa wake.

d) Nauli na bei ya dawa ni mzigo. Sanduku la wagonjwa la parokia ni la wagonjwa wa akili pia, sawa na wengine.

e) Mama anayemtunza mtoto mgonjwa naye anachoka. Mmoja wetu akae na mgonjwa alasiri moja, ili mama alale.

f) Mgonjwa aliyepata nafuu arudishiwe nafasi yake, kama ni katika kwaya, kama ni katika usafi wa kanisa. Asiitwe tena kwa jina la ugonjwa wake. Yesu aliuliza jina.

Na tuombe.

Ee Mungu wa Hezekia, wa Eliya na wa Hemani, uliyeona machozi ya mfalme aliyeuelekea ukuta, waone leo watoto wako wanaoelekea ukuta katika vyumba vya nyuma. Bariki vidonge mikononi mwao kama ulivyobariki tini. Wape usingizi. Wape chakula. Sauti zisizotoka kwako zinyamaze. Na zisiponyamaza, sauti yako iwe karibu zaidi. Wape madaktari na wauguzi hekima, wape jamaa zao subira, nasi utupe nguo za kuwavika. Kwa jina la Bwana wetu Yesu Kristo.

Aleluya! Amina.